Mwaka Nilipomtafsiria Mama Elia

Mwezi uliopita tulimzika Mama Elia kule Kilosa, kwenye makaburi ya kanisa, na kwa siku tatu nililala mtaa wa Magomeni, pale pale Kilosa, nyumbani kwa ndugu zake, chumba kimoja na wanawake tisa, mikeka imebanana kutoka ukuta hadi ukuta. Siku ya pili tulikuwa uani tunachambua mchele. Mwanamke mmoja nisiyemjua akauliza marehemu ameacha watoto wangapi. Mwenzake akamjibu kwamba alikuwa na mmoja tu, wa kiume, akapotelea Ulaya. "Ulaya hii ya hapa njiani?" aliuliza yule wa kwanza, maana ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita kijiji kinachoitwa hivyo hivyo, Ulaya. "Hapana, ya wazungu. Alifuata mwanamke, halafu akamkimbia hata huyo mwanamke. Hakuonekana tena." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani ambacho mtu hukimeza katikati. Mimi niliinamia ungo wangu nikaendelea kutoa mawe. Nilijua maneno yale yalikotoka. Yalitoka kinywani mwangu, Mikumi, miaka ishirini na kitu iliyopita, na nilidhani yalikwisha kufa. Kumbe yalikuwa yanatembea nyumba kwa nyumba, yamemzidi umri hata mwenyewe aliyesemwa. Nikaona kama sitaandika ilivyokuwa, na mimi nikafa, basi Elia atabaki mtu aliyekimbia wanawake.

Habari za kwetu nitaziacha. Hazina mchango hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha nne bila pa kwenda, nilipopata kazi Mikumi kwenye chumba cha intaneti. Ulikuwa ule wakati kila kitu kilikuwa kinafunguliwa au kinauzwa: mashamba ya mkonge yalipata wenyewe tusiowajua, makarani wa reli walipunguzwa wakarudi nyumbani na vyeti vyao, na barabarani maduka yalichipuka kila wiki, ya mitumba, ya vipuri, ya simu za mkononi ambazo ilibidi mtu apande kichuguu ili asikie vizuri. Mwajiri wangu, Bwana Shomari, alikuwa na duka la vipuri vya malori, na chumba cha nyuma akaweka kompyuta mbili zilizotumika na laini ya simu. Chumba kilinuka mpira wa matairi. Dirisha lake lilitazama jalala ambalo nyani wa hifadhini walilifanya kwao, na mara nyingi mtalii alikuwa anaandika barua pepe kwa mama yake huku nyani amekaa dirishani anamtazama kama anayesoma. Kazi yangu ilikuwa kupiga namba ya mtandao mpaka mashine iitike kwa mlio wake wa kukwaruza, kisha kumkalisha mteja, na laini ikikatika, kumwomba radhi. Siku hizi watu wanasema kuperuzi. Wakati ule hatukuwa na neno. Tulisema tu "kuingia". Ameingia, hajaingia, imegoma kuingia. Wageni ndio waliokuwa na maneno, kila taifa na lake, nami niliyaokota yote kwa sababu nilikuwa kijana na niliyaona kama vito.

Nilipanga chumba kwa Mama Elia. Alikuwa Mkaguru wa milimani, mrefu, mkavu, msharika wa Anglikana asiyekosa Jumapili, na alipika chakula pembeni mwa barabara kwa madereva wa malori ya Zambia na Kongo. Jiko lake lilikuwa banda la mabati lenye mafiga matatu na benchi mbili. Sijawahi kula tena maharage kama yale. Aliyachemsha tangu alfajiri, akayaunga kwa nazi na nyanya mshumaa, na alikuwa na tabia ya kumsimamia mteja mpaka ameze tonge la kwanza. "Limeiva?" anauliza. Mtu akiitikia ndipo anaondoka. Madereva wenye safari za siku nne walikuwa wanapanga mwendo wao ili wafike kwake mchana. Mimi nilikula pale asubuhi na jioni, na baada ya wiki mbili alianza kuniita mwanangu na kunigombeza kama mwanae.

Mwanae hasa alikuwa Elia. Wakati nahamia alikuwa bado yupo, anafanya kazi ya ufundi msaidizi kwa Wahispania waliokuwa wanachimba visima vijiji vya huko, watu wa kujitolea. Alikuwa amejifunza Kihispania chao cha kuombana spana. Walimpenda, na walipofunga mradi wakamfanyia karatasi aende kwao akajaribu bahati. Tulikuwa na miezi mitatu tu mimi na yeye, na hata sijui niseme ilikuwa nini. Jioni alikaa mlangoni kwangu akinifundisha maneno kutoka kwenye kamusi yake ndogo ya Kihispania na Kiingereza, iliyoliwa pembe na mende, iliyochapishwa kabla hatujazaliwa. Kamusi ya Kihispania na Kiswahili hatukuwahi kuiona, hivyo kila neno lilipita kwanza kwenye Kiingereza, kama abiria anayebadilisha basi. Alikuwa na sauti ya chini na alicheka kwa pua. Siku moja aliushika mkono wangu akauweka juu ya ukurasa ili nisiufunge, na akausahau pale, au alijifanya kausahau. Hakuna zaidi. Alipoondoka aliniachia kamusi. "Nitawaandikia kwa Shomari," alisema. "Wewe utamsomea mama."

Jambo moja alilazimika kumwapia mama yake kabla hajapanda basi. Baba yake Elia alichukuliwa na mto Mkondoa mwaka wa mafuriko, na tangu hapo Mama Elia hakutaka kusikia habari ya maji yaliyo mapana kuliko beseni. "Huko kuna bahari," alimwambia, wamesimama stendi, mimi nimeshika mfuko wa maandazi. "Wengi wanaenda kuvua. Niapie hutapanda chombo." Elia akacheka kwa pua. Mama yake hakucheka. Basi akainua mkono akaapa, mbele yangu na mbele ya kondakta aliyekuwa anapiga mlango kwa kiganja.

Aliandika mara tatu. Barua zilikuja kwa Kiswahili, fupi, zenye makosa ya vidole. Amefika. Kuna baridi. Amepata kibarua kwenye kiwanda kinachofunga samaki kwenye makopo, ni nchi kavu, mama asiwe na wasiwasi. Amepanga kwa Lourdes. Lourdes ni mtu mzuri sana, anampikia, anamfulia hata soksi. Nilimsomea Mama Elia kila neno, naye alikaa kwenye kiti cha mteja, mikono imejaa unga, akitazama kioo cha kompyuta kana kwamba kijana yuko nyuma yake. "Huyo Luludesi ni nani?" aliuliza. Nikasema sijui. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwona, ndivyo nilivyodhani: msichana mwenye nywele ndefu, anafua soksi za Elia akiimba. Mwishoni mwa kila barua aliandika "Msalimie Zuhura", maneno mawili, na kwa kuwa msomaji nilikuwa mimi, ilinibidi nijisalimie mwenyewe mbele ya mama yake. Barua ya tatu niliisoma kwa sauti ya kawaida, kisha nikaenda kusimama nyuma ya duka kwenye matairi mpaka uso wangu upoe.

Halafu kukawa kimya, na baada ya kimya ikaja barua kutoka kwa Lourdes mwenyewe, kwa Kihispania. Nilikuwa peke yangu, saa nne asubuhi, mvua za vuli zikigonga mabati. Naikumbuka yote kwa sababu ilikuwa fupi. Elia salió a navegar el lunes. No ha vuelto. Hemos avisado a salvamento. Rezo por él. Mengi niliyajua. Jumatatu Elia alitoka. Hajarudi. Namwombea. Lile neno la salvamento nililikadiria tu, nikaona linafanana na "salvation", wokovu kwa Kiingereza, nikasema ni kanisa lake huyo, amewaarifu walokole wenzake. Likabaki neno moja, navegar, na hilo ndilo nililolijua kuliko yote. Wahispania wote waliopita Mikumi kuelekea mbugani walisimama mlangoni pangu, wakanyoosha kidole kwenye kompyuta, wakauliza kama inawezekana navegar. Kwangu neno hilo lilikuwa chumba kile, mashine zile, mkate wangu. Hata hivyo nilifungua kamusi, kwa mazoea. Kulikuwa na mstari mmoja tu. Kwa Kiingereza ulisema "sail", kusafiri kwa chombo majini. Maana ya kuingia kwenye intaneti haikuwemo, itawezaje kuwemo, kitabu cha zamani vile. Nilikitazama kile kimstari kwa muda. Ninasema hivi ili isije ikadhaniwa sikukiona. Nilikiona. Kisha nikajiambia Elia aliapa, Elia yuko nchi kavu, na kamusi hii imepitwa na wakati. Na chini ya sababu hizo mbili ilikuwepo ya tatu: kama alitoka kwenda kuingia kwenye intaneti, na hakurudi kwa yule mwanamke, basi amemwacha. Nikafurahi. Naliandika neno hilo taratibu, kwa sababu sijawahi kulisema mbele ya mtu: nikafurahi.

Nilimwambia Mama Elia tu kwamba Elia ametoka kwa Lourdes na hajarudi, naye akaita kaka yake kutoka Kilosa. Mjomba Nathani alikuwa karani wa stesheni miaka yote mpaka alipopunguzwa, mzee nadhifu, suruali yenye mkunjo, na aliamini kwamba jambo halijatokea mpaka liandikwe kwa Kiingereza. Alifika na lori la mahindi, akapangusa vumbi la Ulaya kwenye viatu, nikamwamkia, akaitikia marahaba akaketi moja kwa moja kwenye kompyuta ya kwanza. Alitaka tuandike kwa ofisi moja Dar es Salaam inayoshughulikia watu wetu walioko nje. "Nipe barua ya huyo mama kwa Kiingereza," alisema, "neno kwa neno. Ukiongeza chako hata kimoja umeiharibu." Nikamwandikia. Alipofika kwenye lile neno, alisimamisha kalamu. Kiingereza chake kilikuwa cha reli, kizuri, cha kupokea na kupeleka.

"Hapa umeandika 'browse'. Hilo si la mbuzi kula majani?"

"Lilikuwa, mjomba. Siku hizi ni kuingia kwenye intaneti."

"Alitoka kwenda kuingia kwenye intaneti, hakurudi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Una hakika?"

Kamusi ilikuwa mapajani mwangu, chini ya meza. "Nina hakika," nikasema.

Alinitazama juu ya miwani, akaguna. "Mimi ni mtu wa telegrafu," alisema, "wewe ndiye wa wakati huu." Akaliandika neno langu kwa mwandiko wake wa kuegemea kulia. Nimewahi kuwaza kwamba kama angenigombeza siku ile, kama angekuwa na kiburi kidogo tu cha uzee, mambo yangekwenda vingine. Lakini wakubwa wa reli walikuwa wamemfundisha, kwa ile barua ya kumpunguza, kwamba anachokijua hakihitajiki tena.

Tulipomweleza Mama Elia, aliendelea kukuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akatabasamu, jambo ambalo sikulitarajia. "Kamkimbia," alisema. "Mwanangu kamkimbia huyo Luludesi. Najua nini kilimkuta, mwanamke alitaka kumfunga kamba." Akasema Elia atakuwa yuko njiani, anaona aibu kuandika, atatokea siku moja na begi lake. Akaniambia nimjibu mwanamke yule, na akanitamkia maneno huku akisukuma kuni. Mwanangu ni mtu mzima. Kama amekukimbia, jiulize ulimfanya nini. Ulimfulia soksi ili umfanye mfungwa. Akirudi kwako usimfungulie; mwambie mama yake ndiye anayemngoja. Niliyatafsiri kwa bidii kuliko kitu chochote nilichowahi kutafsiri. Nilitafuta kila neno. Pale ambapo kamusi ilinipa neno laini na neno kali, nilichukua kali. Nikabofya, ikaenda, na mashine ikaniandikia kwamba imefika salama.

Wiki sita zilizofuata zilikuwa za furaha pale nyumbani, na ndizo zinazoniuma zaidi ninapozikumbuka. Ofisi ya Dar ilijibu kwa adabu kwamba mtu mzima aliyeondoka kwa hiari yake si wa kutafutwa mara moja, tutume namba ya pasipoti. Mjomba Nathani akaituma, tukangoja. Mama Elia hakuwa anangoja ofisi. Alinunua godoro jipya akaliweka kwenye chumba cha Elia pamoja na nailoni yake, lisiingie vumbi. Alitengeneza dirisha. Aliwaambia madereva wote, wa Lusaka, wa Lubumbashi, kwamba wakimwona njiani kijana mrefu anayecheka kwa pua wampe lifti, wao watakula bure. Alimtukana siku nzima. Mpumbavu yule, ataniona. Mbwa yule, hata barua. Alimtukana akipika na akifagia, kwa sauti ya mtu mwenye mali, na madereva walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka nao. Jioni tulikula pamoja, na sahani ya Elia ilikuwa inatolewa kabatini, inapanguswa, inarudishwa. Hakukuwa na jibu kutoka kwa Lourdes. "Unaona?" alisema Mama Elia. "Ana la kusema basi?"

Mwanzoni mwa Desemba walikuja Wahispania wawili, mume na mke, watu wazima. Gari lao lilikuwa limepasuka tairi, mume akabaki mbele na fundi wa Shomari, mke akaingia kwangu kupumzika na joto. Laini ilikuwa imekatika. Alikuwa na nywele za mvi zilizokatwa fupi na aliuliza, kama wenzake wote, kama inawezekana navegar. Nikamjibu kwa Kihispania kwamba leo haiwezekani. Alifurahi sana, akapiga makofi madogo, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nilitaka anisifu zaidi. Ndiyo sababu tu niliyomtolea ile karatasi, niliyokuwa nimeichapa na kuikunja ndani ya kamusi. Nilitaka kumwonyesha kwamba nasoma barua nzima, na nimuulize kuhusu lile kanisa, salvamento, ni dhehebu gani. Akavaa miwani, akasoma. Ilikuwa mistari minne. Nilimwona akiisoma mara ya pili. Aliondoa miwani, akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kijana huyu ni nani wako.

Nilimwambia ni mtoto wa mwenye nyumba wangu. Alitoka kwenda kwenye intaneti, nikasema, akamwacha mwanamke wake.

Alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi hata kwa joto lile. Akasema hapana, binti, si intaneti. Ametoka na boti. Baharini. Akaweka kidole kwenye salvamento, akasema hawa si kanisa, hawa ni watu wanaotafuta waliozama. Akaangalia tarehe juu ya karatasi, akahesabu kwa midomo bila sauti, na akanitazama kwa namna ambayo sikuhitaji Kihispania wala Kiingereza. Nje mume wake alikuwa anacheka na fundi. Nakumbuka nilisema asante. Nilichukua karatasi, nikaikunja pale pale ilipokuwa imekunjika, nikamuuliza kama angependa maji ya kunywa.

Nilikwenda kwa Mama Elia mchana ule ule, na kwa bahati mbaya ndio ulikuwa wakati wa wateja. Malori manne yalikuwa yamepanga pembeni, benchi zimejaa. Nilisimama kwenye nguzo nikamngoja. Alinipita mara mbili na sahani, mara ya tatu akasimama. "Una nini? Shomari kakufukuza?" Nikamwambia nilikosea lile neno. Nikamwambia lina maana mbili, na maana yenyewe ilikuwa ile nyingine. Hakuelewa. Nikamwambia Elia alipanda boti, alitoka nayo baharini Jumatatu ile, hakurudi.

"Maji?" alisema.

"Bahari, mama."

Alikuwa ameshika upawa. Mchuzi ulikuwa unadondoka kwenye kiatu chake naye hauoni. "Aliniapia," alisema. Kisha akageuka akatazama benchi. "Mhudumie yule wa Zambia. Anasubiri tangu saa hizo." Nikamhudumia yule wa Zambia. Yeye akamsimamia, akamwangalia anatafuna, akamuuliza kama limeiva.

Tukaenda Kilosa kuweka msiba usio na maiti. Mchungaji alisoma ibada, watu wakaimba, majirani wa dini zote wakaleta sukari na kuni. Mama Elia alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, hakutoa chozi, na wanawake wakaanza kunong'ona kwamba si bure, huenda mwenyewe haamini, huenda kijana yupo mahali na mama anajua. Habari ya kwamba alimkimbia mwanamke ilikuwa imetangulia kufika kabla yetu, ilikuwa na wiki sita za kusafiri, nayo ilikuwa tamu kuliko ya pili. Mjomba Nathani alikaa peke yake upande wa wanaume na nakala ya ile barua aliyoiandika. Nilipompelekea chai alinionyesha lile neno. "Niliandika kwa mkono wangu," alisema. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Tuliporudi Mikumi sikuweza kula chakula chake. Siku ya tatu aliniuliza kama nimechukia maharage. Tulikuwa wawili tu bandani, mchana umepoa, anaosha sufuria kwa majivu. Nikamwambia yote: kwamba kamusi ya Elia mwenyewe ilisema chombo na maji, kwamba niliisoma, kwamba mjomba aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia na ile sababu ya tatu, si kwa maneno haya, lakini alielewa. Aliendelea kusugua mpaka sufuria ikang'aa.

"Kwa hiyo zile siku nilizokuwa namtukana," alisema, "ulikuwa umeshaona."

"Niliona neno, mama. Sikuliamini."

"Sikuulizi uliamini." Akainamisha sufuria maji yatoke. "Zile siku nilikuwa na mtoto. Hizo sikudai, umenipa mwenyewe, na sijui kama nikushukuru au nikupige. Lakini yule mwanamke." Akaitua sufuria. "Yule alituambia kwamba kijana wetu amekufa, na sisi tukamtukana. Hilo siwezi kulikalia."

Nikaanza kusema nisamehe. Akaniinulia mkono wenye majivu. "Usiniombe leo. Chukua kalamu."

Barua aliyonipa ilikuwa na mambo matatu. Mwambie mama yake Elia hakujua, alielewa vibaya. Mwambie anamwomba radhi kwa kila neno. Kisha alifikiri sana, akapangusa mikono kwenye khanga. Muulize, alisema, siku ile kabla hajatoka, kama alikula. Nilitafsiri sentensi hizo mchana kutwa. Kila neno nililitafuta, hata yale niliyoyajua, na penye maana mbili niliziandika zote mbili na kueleza ni ipi ninayoikusudia. Nilimwandikia pia kwamba kosa ni langu, jina langu ni Zuhura.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja. Mama Elia aliitwa, akaja kukaa kwenye kiti kile kile, Bwana Shomari akawatoa wateja akafunga mlango kwa nje. Lourdes aliandika kwa sentensi fupi fupi, nadhani ili nisikosee. Alisema yeye ni mjane wa miaka sitini na nane na anapangisha chumba cha juu. Alisema ile barua yetu ya kwanza aliisoma kama barua ya mama aliyechanganyikiwa na uchungu, aliiweka tu, hakuichukia. Alisema kibarua cha kiwandani kilipokwisha Elia alianza kutoka na boti ya jirani, na alimkataza Lourdes asimwandikie mama yake habari hiyo mpaka atakapopata kazi ya nchi kavu. Alisema Zuhura anamjua, maana Elia alikuwa anamtaja mezani. Hapo nilikatiza kusoma. "Endelea," alisema Mama Elia.

Ndiyo, alikula, aliandika Lourdes. Mayai mawili na mkate. Nilimwashia moto mwenyewe. Alisema chakula kinakosa pilipili, nikamwambia pilipili haipo, nitanunua. Akamaliza yote, akafuta sahani kwa mkate.

Mama Elia aliniomba nirudie hapo. Nikarudia. Akaniomba nirudie kwa maneno ya yule mama mwenyewe, kwa Kihispania, naye akasikiliza lugha asiyoijua, kichwa kimeinama upande mmoja, mpaka mwisho. "Alifuta sahani," alisema. Kisha akapiga magoti sakafuni, kati ya kompyuta mbili, akalia kwa sauti iliyowafanya watu wa stendi waje mbio, na kwa siku nne madereva walipofika pale pembeni mwa barabara walikuta mafiga yamepoa.